Tulitembea Mpaka Molo Mara Mbili

Wiki iliyopita tulimuaga Sista Truphena kwenye uwanja wa kanisa lake hapa Nakuru, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kimilili. Nilikaa safu za nyuma kwenye kiti cha plastiki, buibui langu limejaa vumbi, nikamsikiliza mpwa wake akisoma wasifu wa marehemu: alikozaliwa, alikosomea unesi, zahanati ya kiwanda alikofanya kazi mpaka akastaafu, vyama vya kina mama alivyoviongoza. Kijana alisoma vizuri na hapakuwa na uongo katika aliyoyasoma. Lakini aliruka mwaka mzima, na hakuuruka kwa hila, hakuwa akiujua. Hakutaja punda. Hakumtaja Sifuna. Waliokuwa na umri wa kuujua mwaka ule walikuwa wawili watatu tu pale uwanjani, na tulipoangaliana kila mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Baadaye tulipewa wali na kuku, tukala tukizungumza habari za barabara na bei ya unga. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani. Sasa mimi ni mtu wa makamo, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na nimeona kwamba nisipouandika mwaka ule mimi, basi hautaandikwa.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nauza mahamri nje ya soko, karai moja na jiko moja, siku punda wa maji alipoanguka mbele yangu. Mwenye mkokoteni alimpiga mpaka akachoka yeye. Watu walisimama kutazama kama wanavyotazama ajali, halafu akaja mwanamke mmoja mnene, amevaa viatu vyeupe vya unesi, akapiga magoti kwenye matope, akafungua zile kamba. Chini ya kamba hapakuwa na ngozi. Bila kunigeukia alisema, "Wewe msichana, lete hayo mafuta ya kupikia." Nikamwambia, "Mama, haya ni ya biashara." Akasema, "Leta, nitakulipa." Nikampa. Aliyamimina yote kidondani, akafukuza nzi kwa kitambaa cha kichwani mwake, akamwambia yule mwenye mkokoteni, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba punda huyo leo harudi kazini, na kama anataka kupiga kitu ampige yeye. Kabla jua halijatua nilikuwa nyumbani kwake nikisubiri kulipwa, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimehamia pale.

Aliishi kwenye nyumba za zamani za reli, zile zinazoitwa landi, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na kabati la vioo ambamo mtu angetegemea kukuta vikombe vya wageni. Sista aliweka humo dawa. Kulikuwa na chupa za dawa ya zambarau, pamba, mabomba ya sindano, na mkebe wa lami ya kupaka kwato, ambao harufu yake iliingia hata kwenye shuka. Nililala chumba hicho, kwenye kochi refu. Jikoni tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mrenda, na dagaa. Kuku wake alikuwa akimpeleka Bondeni kwa Mzee Athumani achinjwe kwa bismillahi, ili nami nile, na hakuwahi kulifanya jambo hilo kuwa maneno. Mara ya kwanza nilipomshukuru alisema tu, "Sasa nikule kuku peke yangu na wewe unaniangalia?"

Punda walikaa nyuma ya magodauni, kwenye kiwanja cha reli ambacho hakuna aliyekihitaji, uzio wake ukiwa mataruma ya zamani, yale magogo ya kulazia reli, yaliyosimikwa ardhini. Walikuwa wale waliotupwa na wenyewe: vipofu, waliovunjika kwato, wazee waliobeba maji na viazi maisha yao yote. Sista aliwapa majina ya stesheni. Kulikuwa na Njoro, na Elburgon, na Timboroa aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na Londiani, jike mzee mwenye jicho moja, ambaye alikuwa akinifuata nyuma akinusa mifuko yangu. Aliyewalinda na kuwalisha alikuwa Sifuna, mdogo wake Sista, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba hivi kwamba mshipi wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine, na ncha yake ikamning'inia kiunoni kama ulimi. Aliwahi kufungwa. Alishikwa na magunia ya mbolea yaliyotoka godauni la watu, akatumikia kifungo chake, akatoka, na dada yake ndiye peke yake aliyekwenda kumngoja kwenye lango la jela. Alilala kwenye kibanda cha mabati pale pale kwa punda. Aliniita Mswahili. "Mswahili, leo umeniletea mahamri ama umeniletea maneno?" Alishona matandiko ya magunia yaliyojazwa nyasi, akawapa wenye mikokoteni bure ili kamba zisiwachune punda wao, na wao walimcheka wakayachukua. Sikuwahi kumwona akiinua fimbo.

Wazo la matembezi lilitoka kwa Daktari Rotich, daktari wa mifugo wa serikali, aliyekuja kututibia punda siku zake za mapumziko. Alisema tutembee kutoka Nakuru mpaka Molo, siku mbili, na wenye uwezo watuchangie kwa kila kilomita, ili tupate gari la matibabu la kuzunguka huko juu ambako punda wanavuta viazi kwenye matope mpaka wanazama. Basi tukaitwa Milimani, kwenye nyumba ya Misesi Kimani, mwenyekiti wa kamati ya matembezi, tukakaa kwenye nyasi zilizokatwa kama zulia. Chai ilikuja kwenye vikombe vyembamba. Mimi nilijipa kazi ya kurudisha vyombo jikoni kwa sababu sikujua niketi vipi, na ndiyo sababu niliyasikia mazungumzo ya kina mama wawili waliosimama kwenye veranda. Mmoja alisema, "Mimi sina shida na Sista. Shida yangu ni huyo ndugu yake." Mwingine akauliza, "Si ndiye alifungwa?" "Ndiye. Na sasa watu wote wakienda Molo, ni yeye anaachiwa wanyama." Nilipogeuka nikamwona Sista nyuma yangu na sahani ya sambusa mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alitoka hadi veranda akawaambia, "Huyo ni mtoto wa mama yangu. Nimemlea mgongoni. Mkiwa na wasiwasi naye, kuweni na wasiwasi na mimi." Kina mama wakasema hawakuwa na maana mbaya, na wakachukua sambusa.

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi moyoni, na sidhani Sista alisema vile kwa kujionyesha. Alimwamini. Lakini kuna imani ambayo mtu anaitangaza mbele za watu, na ikishatangazwa inakuwa na deni la heshima ndani yake. Siku ikivunjika, inayoumia kwanza ni ile heshima. Sikuyajua haya nikiwa na miaka ishirini. Nilijua tu kwamba tulipotoka Milimani alikuwa anatembea haraka, na kwamba jioni ile alimwambia Sifuna mara mbili, "Usiniangushe," naye akacheka akasema, "Dada, niende wapi na punda vipofu?"

Tuliondoka asubuhi kwa nyimbo. Tulikuwa kundi la kutosha: walimu, wanafunzi wa shule moja ya wasichana, watu wa kanisa, Misesi Kimani mwenyewe na kofia kubwa, ambaye aliingia kwenye gari tulipofika Ngata na hatukumwona tena akitembea. Tulivaa fulana zenye picha ya punda kifuani. Mvua ilikuwa imekosekana msimu ule, mahindi ya kando ya barabara yamekauka yakiwa ya kufika gotini, na watu waliokaa mbele ya maduka walitutazama bila furaha. Pale Sobea mwanamume mmoja alituuliza tunatembea kwa ajili ya nini. Daktari Rotich akamweleza. Yule mtu akafikiri kidogo, akasema, "Punda wamepata watu wa kuwatembelea. Na sisi?" Mwenye duka alitupa maji ya kunywa na hakukubali kulipwa, tukakaa kivulini, tukaendelea. Malori yalitupita karibu kiasi kwamba upepo wake ulituvuta nguo. Tulifika Salgaa miguu imevimba, tukala kwenye hoteli ya Mama Wairimu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha madereva, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa. Kesho yake tulipanda mlima wa Sachangwan, tukakata kushoto, na baridi ya Molo ikatupokea alasiri na manyunyu mepesi.

Tulipokewa vizuri. Kanisani walikuwa wamepika viazi, njegere na chai ya maziwa mengi, na kulikuwa na shosho mmoja, bibi kizee aliyeitwa Shosho Wambui, ambaye mimi na Sista tulipangiwa kulala kwake. Alitushika mikono kwa zamu akitupasha moto, akinung'unika kwa Kikuyu kwamba tumekonda. Watu walikuwa bado wanapiga makofi wakati dereva mmoja wa lori la viazi, aliyetoka Nakuru kuja kupakia, alipoingia na kofia mkononi akauliza Sista ni nani. Alikuwa ametumwa na majirani wa landi. Alisema, "Sista, hao punda wako wameenda." "Wameenda wapi?" "Jana mchana. Lori lilikuja likabeba wote. Watu wanasema ni ndugu yako aliwapakia." Sista akasema haiwezekani. Yule dereva hakuwa mtu mbaya. Alionekana anatamani mwingine ndiye angetumwa. "Mathe, walimwona. Alipanda nyuma na punda mwenyewe, wakaenda. Hakuna mtu alimshika, hakuna mtu alimlazimisha."

Nilikuwa nimesimama karibu na Sista. Niliona uso wake ukifungika kama mlango. Misesi Kimani, aliyefika kwa gari mapema kutungoja, alisema neno moja tu, "Sista," kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi. Sista akaenda mbele ya kanisa, mahali pa kusomea matangazo, na fulana ile ya punda imelowa kifuani. Alisema, "Ndugu yangu ameniuza. Niliwaambia watu wamwamini na yeye ameniuza pamoja na hao wanyama. Anaitwa Sifuna, ni mrefu, mwembamba. Kama ataonekana huku, mshikeni. Na mkimshika msinipigie mimi simu. Mpigeni yeye." Watu wengine walicheka, kwa sababu lilitoka kama mzaha. Yeye hakucheka.

Hatukulala Molo. Lile lori la viazi lilipojaa lilitubeba sisi wawili kurudi Nakuru, na kila tulipokuwa tumepumzika wakati wa kupanda alimwomba dereva asimame. Alisema maneno yale yale Sachangwan kwa wauza karoti. Aliyasema Sobea kwa yule mwenye duka aliyetupa maji. Pale Salgaa alimwambia Mama Wairimu na madereva wote waliokuwa wakila, na Mama Wairimu akamkalisha kwa nguvu akamletea ugali na nyama ya kukaanga, akasema, "Kula kwanza, Sista. Huyo mjinga atapatikana." Mimi nilikula maharagwe, kama nilivyozoea hoteli nisizojua nyama yake imechinjwa na nani. Sista alikula sahani nzima akiwa hatazami anachokula. Baadaye, tulipojua yaliyowapata punda na nyama ilivyokuwa ikisambazwa kwenye barabara ile ikiitwa ya ng'ombe, hakuna kati yetu aliyeitaja ile sahani. Mama Wairimu alikuwa akinunua kwa mtu aliyemletea, kama hoteli zote. Sitasema ilikuwa hiyo. Ninachojua ni kwamba tangu mwaka ule Sista hakula nyama, na watu wa kanisani wakadhani ni ushauri wa daktari.

Kiwanja kilikuwa kitupu tulipofika. Majirani walisema lori lilikuja mchana kweupe, wanaume watatu na dereva, wakazungumza na Sifuna kwa muda mrefu langoni, wakampa mkono. Walimwona akiwapandisha punda mmoja mmoja, akimwekea Timboroa ubao wa kukanyagia. Akafunga lango kwa mnyororo, akapanda nyuma. Mwizi anayefunga lango la kiwanja kitupu. Sasa nikiwaza naona jinsi jambo hilo lilivyokuwa likitupigia kelele, lakini wakati ule halikumsimamisha mtu. Polisi waliandika jina lake kwa sababu tayari walikuwa nalo. Foleni ya bomba la maji ilijaa habari zake. Mmoja alisema ameonekana Eldoret na viatu vipya. Mwingine akasema jela haimbadilishi mtu, inamnoa tu. Sista alikuwa akisimama kwenye foleni hiyo hiyo na ndoo yake, na walipopunguza sauti aliwaambia, "Semeni tu. Hata mimi nasema." Siku moja alitoa godoro la Sifuna kwenye kibanda, na nguo zake, na matandiko ya magunia aliyokuwa hajamaliza kushona, akayachoma moto. Nilimwambia, "Sista, ngoja kwanza." Akaniambia nichukue maji niyasogeze karibu, moto usije ukafika kwenye uzio.

Londiani alirudi asubuhi moja, siku nyingi baadaye, wakati nimeshaanza tena kuuza mahamri. Nilikwenda kiwanjani kuchukua kuni, nikamkuta amesimama nje ya lango, kichwa kimeinama kwenye mnyororo. Mbavu zinahesabika. Alikuwa na kidonda kikubwa kwenye paja. Shingoni alifungwa kitu nilichodhani ni kamba, na nilipokishika nikaona ni mshipi wa ngozi wenye matundu ya msumari. Nilikimbia kumwita Sista. Alikuja na leso yake na viatu vya ndani, akaushika ule mshipi, akapitisha kidole kwenye matundu, moja, jingine, jingine. Halafu akaketi chini, pale pale kwenye mavi makavu, mwanamke yule mnene na msafi, na yule punda akamnusa kichwani.

Wachunga mbuzi walisema wamemwona punda yule akishuka kutoka upande wa pili wa Menengai, kwenye shamba kuukuu la mkonge. Polisi walitupa askari mmoja baada ya Daktari Rotich kuwasumbua siku nzima. Tulikwenda kwa gari la daktari mpaka njia ilipokwisha, tukatembea katikati ya mkonge, na tuliwafuata tai kabla hatujaifuata harufu. Kulikuwa na timbo la zamani, shimo walipokuwa wakichimba mawe ya ujenzi. Humo ndani kulikuwa na kwato, vichwa na mifupa, na moshi ulioganda kwenye ukuta wa mawe. Nilimtambua Timboroa kwa ukubwa wa fuvu. Askari alisema tusishuke. Sista alishuka. Sifuna alikuwa amelazwa nyuma ya kifusi, amefunikwa majani ya mkonge kama mtu aliyefunikwa na mtu mwenye haya. Suruali ilikuwa imemshuka kwa kukosa mshipi. Sista alivua leso yake akamfunga nayo kiunoni, akaipandisha ile suruali mpaka mahali pake, kisha akakaa karibu naye mpaka askari alipopata watu wa kumbeba.

Mama mmoja aliyekuwa akichunga karibu na mkonge ndiye aliyetuambia mengine, kwa woga, baada ya Daktari Rotich kukaa naye sana. Alisikia mtu akipiga kelele mchana ule, akisema, "Mlisema ni malisho! Sista alisema malisho!" Hivyo ndivyo tulivyojua walimdanganya vipi: walimwambia matembezi yamepata shamba la kuwaweka punda, na kwamba dada yake ametuma wapelekwe siku hiyo. Naye hakukubali waende peke yao. Yule mama alimwona akimvuta punda mmoja kutoka kwenye shimo, amemfunga shingoni, wanaume wakimfuata. Punda hakutaka kwenda. Alikuwa kipofu wa jicho moja, alitaka kubaki na wenzake. "Akamwachilia," alisema yule mama, "halafu akachukua fimbo akampiga. Alimpiga sana, huku analia, mpaka yule punda akakimbia. Ndio wakamfikia." Alisema alijificha na mbuzi wake. Hakumwambia mtu, kwa sababu watu wale walijua anakoishi. Hakuna aliyemlaumu. Mwanamume mmoja alikamatwa baadaye na akaachiliwa, na nimewahi kuonyeshwa mtu mjini nikaambiwa ndiye. Sijui kama ni kweli.

Tulimzika Sifuna makaburi ya mjini, kwa sababu mwili haukuwa wa kusafirishwa. Kamati ilikutana Milimani bila sisi, ikaamua michango iende kwenye chanjo ya mbwa. Londiani alipona kidonda, akaishi miaka kadhaa. Sista alirudi kwenye kazi zake, akapika, akafua, lakini aliacha kunijibu kwa sentensi nzima. Nilimsikia jikoni akizungumza na mtu, nikaingia nikakuta yuko peke yake, ameshika mwiko, sufuria imeungua. Nilidhani anaomba. Alikuwa akiorodhesha majina ya mahali: Molo, Sachangwan, Salgaa, Sobea. Mvua ya mwisho wa mwaka ilipopungua aliniambia, "Salma, vaa viatu. Nataka kwenda kuwaambia." Nikamwuliza kama tutachukua gari. Akasema, "Niliwaendea kwa gari nikiwa mbio kumchafua. Sasa nitatembea."

Hapakuwa na nyimbo safari hii. Nilichodhani ni kwamba ataingia dukani, aseme ndugu yake hakuwa mwizi, tuondoke. Pale Sobea mwenye duka alitukumbuka kwa sababu ya maji, akafurahi, lakini Sista alipoanza kusema, yule mtu aliangalia juu akijaribu kukumbuka. "Ndugu gani huyo, mama?" Ikabidi amweleze. Ilibidi amwambie kwamba alikuwa amesimama hapo hapo kwenye lori akamwita ndugu yake mwizi, ndipo amwambie kwamba hakuwa mwizi. Yule mtu alisema, "Wooi, pole sana," na akamuuzia mteja sabuni. Wauza karoti wa Sachangwan walikuwa wengine, si wale, na mmoja akatuuliza kama tunauza dawa ya punda. Kabla ya hapo, Salgaa, Mama Wairimu yeye alikumbuka. Alitoka jikoni na furaha, akasema kwa sauti iliyosikika hoteli nzima, "Sista! Na yule mwizi, mlimpata?" Madereva wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Sista alisimama katikati ya meza akasimulia yote, timbo, fimbo, mshipi, bila kulia, huku redio ikiendelea. Mama Wairimu akaizima. Akamwuliza atakula nini. Sista akasema, "Sukuma wiki. Na mkono wako nisaidie kukaa, miguu imekataa."

Usiku ulipokaribia, pale pale Salgaa, nilimwambia kwamba tumefanya ya kutosha, kwamba kila akimsafisha Sifuna inabidi kwanza amchafue upya kwa watu waliokwisha kumsahau. Sikumwambia kwa ukali. Alinisikiliza akikanda miguu yake kwa mafuta, akasema, "Najua, Salma. Nimeona tangu Sobea." Akaendelea kukanda. Kesho yake tukapanda mlima.

Mchungaji wa Molo alimruhusu azungumze baada ya matangazo. Kanisa lilikuwa nusu, watu wako shambani wakichimba viazi kabla bei haijashuka. Aliongea kwa ufupi akakaa, na ibada ikaendelea. Shosho Wambui alitupeleka kwake, ambako mara ya kwanza hatukufika, akatupa uji, akawasha moto. Masikio yake yalikuwa yamezidi kuwa mazito na hakusikia chochote kilichosemwa kanisani. Alipoketi aliuliza, "Na yule kijana, mlimpata? Mimi nilikuwa naomba kila siku. Naomba ashikwe." Sista alimkaribia, akainama sikioni, akamweleza polepole, kwa mara ya mwisho katika safari ile. Ilichukua muda. Shosho aliuliza maswali ya mtu mzee: alikuwa anakula vizuri, alikuwa na mke, nani alimwosha. Kisha akasogeza kuni.

"Nimemwomba Mungu vibaya," akasema mwishoni. "Sasa nimwombe vizuri. Alikuwa anaitwa nani?"

"Sifuna," Sista akasema.

"Sivuna."

"Hapana, shosho. Sifuna."

"Sibuna."

Nilidhani ataacha. Mwanamke yule alikuwa amechoka, nyayo zinatoka damu, na Mungu angejua ni nani anayeombewa. Lakini alishuka kwenye kigoda akapiga magoti mbele ya shosho, akamshika mashavu kwa mikono miwili kama tunavyomshika mtoto tunapomfundisha kusema, akamwonyesha namna ya kuweka meno juu ya mdomo wa chini na kupuliza. "Fff," akasema. "Fff," akasema shosho, na mate kidogo yakamrukia Sista usoni, wala hakuyapangusa. Walirudia hivyo mbele ya moto, mara na mara tena, mpaka jina likatoka lilivyo, ndipo Sista akafumba macho akamwambia, "Sasa omba."